Kushika Mkia Hakuijengi Timu ya Magongo ya Barafuni

Mashabiki wengi wa michezo hapa Kisumu wamezoea ligi ya soka, ambamo timu inayoshika mkia hushushwa daraja. Wanapokutana na NHL, ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, huamini kwamba huko timu ya mwisho hukabidhiwa moja kwa moja chipukizi bora wa mwaka, na kwamba ikivumilia misimu michache itatwaa ubingwa. Sivyo.

Kila mwaka timu hupokezana zamu, raundi baada ya raundi, kuchagua wachezaji chipukizi, na zamu ya kwanza huamuliwa kwa bahati nasibu. Buffalo Sabres walimaliza wa mwisho mwaka 2014 na tena 2015, lakini mara zote mbili wakachagua wa pili. Mwaka 2015 chipukizi bora aliyewaponyoka alikuwa Connor McDavid, aliyekwenda Edmonton Oilers. Edmonton nao walikuwa wamechagua wa kwanza 2010, 2011 na 2012, ila hawakurejea kwenye mchujo wa ubingwa hadi 2017.

Kinachosahaulika, nami nakiona kuwa kiini cha jambo lenyewe, ni kazi ya maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, katika raundi za baadaye. Tampa Bay Lightning, mabingwa wa 2020 na 2021, walimchagua Nikita Kucherov akiwa wa 58 mwaka 2011 na Brayden Point akiwa wa 79 mwaka 2014, baada ya timu nyingi kuwapita. Kwa hiyo klabu inayomtoa mkongwe wake kwa timu nyingine ili ipate zamu za ziada imenunua nafasi ya kuchagua tu. Mchezaji bado hajapatikana.