Je, wajua kwa nini wazee wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, hushinda mchana kutwa kwenye vituo vya sanaa?

Mwaka 2005, katika kisiwa cha Mornington, kaskazini mwa Australia, bibi mmoja wa watu wa Kaiadilt, jamii mojawapo ya Waaborijini, aliletwa kwenye kituo cha sanaa cha hapo kijijini, akapewa brashi na rangi. Alikuwa na miaka 81 hivi na hakuwa mchoraji. Hadi anafariki mwaka 2015, alikuwa ameacha picha zaidi ya 2,000. Ndiye Mirdidingkin Juwarnda Sally Gabori, ambaye mwaka 2022 picha zake zilijaza ukumbi mzima wa maonyesho mjini Paris.

Wengi hushangaa kipaji. Mimi nashangazwa zaidi na kile alichochora.

Anzia kwenye jina. Mkaiadilt huitwa kwa mahali alipozaliwa: Mirdidingkin ni mzaliwa wa Mirdidingki, kijito cha kisiwa cha Bentinck. Juwarnda ni pomboo. Mwaka 1948 kimbunga kiliingiza maji ya bahari kwenye visima vyao, watu wakahamishiwa misheni ya Mornington, watoto wakawekwa mabwenini na lugha ikaanza kuwapotea. Karibu miaka 60 baadaye, bibi anawekewa turubai jeupe mbele yake, naye anachora kwao: mitego ya samaki iliyojengwa kwa mawe, mabwawa ya chumvi, pande za mumewe, pande za kaka yake. Wanawake wenzake wa Kaiadilt wakaja kukaa naye, nao wakashika brashi.

Kama umewahi kumwona bibi aliyehamishiwa mjini kwa mwanawe, anakaa sebuleni kutwa bila mtu wa kumuuliza neno, utaelewa kituo kama hicho kinamfanyia mzee nini. Asubuhi gari hupita nyumba kwa nyumba kuwachukua. Wengine huketi chini, turubai limetandazwa mbele ya magoti, vikopo vya rangi pembeni. Kuna chai, kuna chakula cha mchana, na mazungumzo ni ya lugha yao. Asiyeonekana siku mbili huulizwa, mtu akaenda kumtazama. Aliyeanza kusahau naye ana nafasi yake. Akichora vinukta vichache akanyamaza, hakuna anayemharakisha.

Mjukuu akitoka shule huja kuchutama karibu na kuuliza: hii duara ni nini? Hapo bibi ndiye mwalimu. Si kila hadithi humfaa kila mtu, na si kila mtu ana haki ya kuchora kila mahali. Wazee ndio wanaojua mipaka hiyo. Kwa hiyo kazi haiwezi kwenda bila wao, na nadhani hilo linamwinua mzee kuliko rangi zenyewe: anaondoka nyumbani akijua anangojewa.

Halafu kuna suala la nani mwenye mali. Vingi vya vituo hivi ni vya wasanii wenyewe. Papunya Tula, kampuni iliyoanzishwa jangwani mwaka 1972, ni ya Waaborijini, na picha ikiuzwa, msanii hupata fungu lake, ambalo mara nyingi huishia kwenye vyakula na mafuta ya gari ya ukoo mzima.

Wasanii wa kampuni hiyo wamefanya jambo ambalo naliheshimu sana. Ugonjwa wa figo umewaumiza mno watu wa jangwa lile. Mzee wa Kintore, kijiji cha jangwani humo, aliyehitaji mashine ya kusafisha damu alilazimika kuhamia mji wa Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwao, na wengi walifia huko, mbali na ardhi yao. Mwaka 2000 wanaume na wanawake wa Kintore na wa Kiwirrkura, kijiji kingine cha jangwani, walikaa pamoja wakachora turubai nne kubwa. Zilipigwa mnada Sydney, pamoja na kazi nyingine, zikapatikana zaidi ya dola milioni 1 za Australia. Mwaka 2004 mashine ikaanza kufanya kazi Kintore kwenyewe, na shirika lililozaliwa na mnada ule sasa linahudumia vijiji vingi vya mbali.

Mgonjwa hukaa kwenye mashine saa nne au tano, mara tatu kwa wiki. Akimaliza, analala kwake.