“Imani yako ilipungua”: tunayoambiana kuhusu sala, na yaliyoandikwa

Mwaka juzi, msibani, nilikaa mkekani karibu na mama aliyefiwa na mwanawe wa miaka sita. Familia ilikuwa imefunga, imekesha, imeombewa na kila aliyejua kuomba. Akaja mwenzake wa kwaya, akamshika mkono, akanong’ona: “Dada, kuna mahali imani ilipungua.” Hakuwa na nia mbaya. Alirudia alichofundishwa, kwamba mwenye imani ya kutosha hupewa, na asiyepewa ana kasoro.

Hiyo ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, maana humtwisha mfiwa mzigo wa pili. Wanaoishika husoma Marko 11:24, “yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea”, wakafunga kitabu hapohapo. Wangefunua kurasa chache mbele. Wiki ileile, aliyesema maneno hayo alianguka kifudifudi Gethsemane akaomba kikombe cha mateso kimwepuke. Mathayo anasema aliomba mara tatu, “maneno yale yale”. Kikombe hakikuondoka, kulipokucha akapelekwa kwa Pilato. Kuna wa kumwambia Yesu kwamba imani yake ilipungua? Na bado Waebrania 5:7 inasema alisikilizwa. Kumbe kusikilizwa ni jambo moja, na kupewa ulichoomba ni jingine. Alichopewa bustanini, kwa mujibu wa Luka, ni malaika wa kumtia nguvu.

Paulo naye vivyo hivyo. Kisiwani Melita alimwombea baba wa Publio, mkuu wa kisiwa; mzee huyo alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, akapona. Mwiba wake mwenyewe, mateso aliyokuwa nayo mwilini, aliomba mara tatu uondolewe, akajibiwa: “Neema yangu yakutosha.” Mwombaji ni yuleyule.

Sasa kuomba kuna faida gani? Yesu mwenyewe alisema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, na papo hapo, bila kuona mgongano wowote, akawafundisha wanafunzi Baba Yetu. Yule mama bado anasali. Aliniambia kwa muda mrefu hakuomba kitu chochote; alikuwa akikaa jikoni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwasha mkaa, anamwambia Mungu kwamba amemkasirikia. Wapo waliomwonya kuwa hiyo si sala, ni kufuru. Mimi nilimwonyesha Zaburi 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja. Nayo imo katika Biblia, kati ya sala nyingine.

“Mungu husikia wanaopaza sauti”

Hana, mama yake nabii Samweli, aliomba midomo ikicheza tu bila sauti kusikika, hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Petro alipoanza kuzama alisema maneno mawili: “Bwana, niokoe.” Waliopiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri, katika 1 Wafalme 18, ni manabii wa Baali, na Eliya akawatania kwamba labda mungu wao amelala. Sina ugomvi na mkesha, naupenda. Lakini anayeishi jirani na kanisa la spika nne ana haki ya kukumbushwa Mathayo 6:7: “msipayuke-payuke”.

“Ukishaombewa, dawa ni kutoamini”

Mfalme Hezekia, mgonjwa wa kufa, aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15, kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala kwanza, dawa baadaye, na hakuna aliyeona aibu. Anayeacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu ameombewa asifikiri virusi vimeondoka. Ndani ya wiki chache huanza tena kuzaliana.

“Sala za kukariri hazina uhai”

Hapa nina upendeleo, nakiri. Msalabani Yesu alisali maneno aliyoyakuta yameandikwa: “Mungu wangu, mbona umeniacha” ni Zaburi 22, na “mikononi mwako naiweka roho yangu” ni Zaburi 31. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku. Sala ya papo kwa papo ni nzuri siku ambayo kichwa kinafanya kazi.

Bibi yangu, Mkatoliki wa zamani, alipofika miaka ya mwisho alikuwa amesahau majina yetu sote. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Akianza sentensi, haifiki mwisho. Jioni moja, kwa kukosa la kuongea, nikaanza: “Baba yetu uliye mbinguni…” Akaweka kikombe chini. “Jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, utakalo lifanyike…” Hakuruka neno. Mimi ndiye niliyekwama kidogo baada ya “mkate wetu wa kila siku”, akanisubiri, kisha akaendelea peke yake hadi amina. Halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.