Nanotyubu sio silikoni, tuelewane hapo

Leo tumalizane. Kila nikionyesha spektra (michoro ya mwanga) za nanotyubu, vijibomba vyembamba mno vya kaboni, kwenye joto tofauti lazima atokee mtu aseme "pengo la nishati linapungua joto likipanda, weka fomula ya Varshni, basi". Varshni, fomula ya jinsi pengo hilo (nishati elektroni inayohitaji kuruka) linavyopungua kwa joto, ni ya silikoni na wenzake jamani! Tyubu ya ukuta mmoja ikiwa peke yake, haijazungukwa na kitu, kuanzia baridi kali hadi joto la chumbani, pengo lake linasogea kidogo sana, na kwa baadhi ya tyubu linapanda kwanza ndio lishuke, inategemea (n,m) yake, namba mbili zinazoeleza jinsi tyubu ilivyokunjwa.

Sasa mtu mstari wake umesogea meV 30 (meV ni elfu moja ya elektroni-volti) anasema joto hilo. Hapana, angalia kwanza imezungukwa na nini. Kama iko ndani ya polima, polima ikipoa inasinyaa kuliko tyubu, inaibana, na mkazo huo ndio unasogeza E11, mruko wa kwanza wa nishati wa tyubu. Hapa ndipo watu wanapita kama hawajaona: chukua n-m, gawanya kwa 3, tazama baki. (6,5) baki ni 1, (7,5) baki ni 2, polima ile ile, joto lile lile, na zinasogea pande tofauti! Tena ndani ya tyubu moja E11 ikienda huku E22, mruko wa pili, inaenda kule. Ukiona zote mbili zimeenda pamoja basi shuku dielektriki ya nje, yaani jinsi vitu vilivyoizunguka vinavyopunguza nguvu za umeme kati ya chaji, mfano tyubu iliyoning'inia hewani ukiipasha, molekuli za maji zilizonata juu yake zinaondoka na mwanga unasogea upande wa bluu, nishati inapanda, yaani kinyume kabisa na hiyo Varshni yenu.

Eksitoni, yaani elektroni na shimo lake vilivyoshikana, hazivunjiki kwa joto la chumbani, zimeshikana kwa meV mia kadhaa na kT, nishati ya joto, ni 26 tu. Ila ukipoza sana mwanga unafifia, zinadondokea hali ya giza, isiyotoa mwanga, iliyo meV chache chini. Vitabu vinaishia hapo kwa raha zao, mimi roho haitulii maana kasoro za tyubu nazo zinanasa eksitoni kwenye baridi, na kwenye sampuli ya mchanganyiko kuzitenganisha hizo sababu mbili ni shughuli.

Raman nayo, kupima mwanga wa leza uliotawanywa na mitetemo ya atomi, mstari wake wa G unashuka kama 0.02 hadi 0.03 cm⁻¹ kwa kila Kelvin, kipimajoto safi, ila leza yenyewe inapasha tyubu. Na uwiano wa Stokes na anti-Stokes (mwanga uliopoteza nishati na ule uliopata), unaotumika kusoma joto, resonansi ya leza na miruko ya tyubu inauvuruga, unaweza kupata namba nzuri tu ya joto ambalo halipo. Punguza nguvu ya leza mpaka mstari uache kusogea, ndio uanze kupima.