Je, wajua kwa nini vumbi la silikoni hung'aa jekundu, na kipande chake haking'ai?

Wengi hudhani ni mng'ao wa plazima, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme ambamo vumbi hilo huundwa, uliobaki kwenye vumbi. Sivyo. Ukizima umeme, ile zambarau ya gesi ya argoni hupotea papo hapo. Vumbi hubaki la rangi ya kahawia mpaka ulimulike kwa taa ya urujuanimno. Jibu la pili, "kwa sababu chembe ni ndogo", ni nusu ya jibu, na ndilo linalopotosha zaidi.

Silani, gesi ya silikoni na hidrojeni, iliyochanganywa na argoni nyingi hupitishwa kwenye bomba la kioo lililovishwa pete mbili za shaba zenye umeme wa megahezi 13.56, kwa kanieneo la paskali mia chache. Chembe zinazoota humo hupata chaji hasi, hivyo husukumana badala ya kugandana. Milisekunde chache zatosha kufikia nanomita 3 hadi 5. Punguza mtiririko, chembe zinanenepa na mwanga unazama kwenye infraredi isiyoonekana kwa macho. Bomba lisivuje: silani hujiwasha ikigusa hewa.

Udogo hupandisha nishati ya mwanga kutoka infraredi, elektronivolti 1.1, hadi nyekundu. Lakini udogo hauponyi uzembe wa silikoni. Elektroni bado husubiri makumi ya mikrosekunde kabla ya kutoa mwanga, ilhali malighafi ya taa za LED humaliza kwa nanosekunde.

Ni kama daladala inayosubiri kujaa: ikikawia, bodaboda mmoja akipita abiria kaondoka. Bodaboda huyo ni atomi ya pembeni mwa chembe yenye mkono usioshika kitu. Nishati huishia kuwa joto. Chembe ya nanomita 4 ina atomi kama 1,700, na mkono mmoja mtupu waweza kuizima. Kinachosaidia ni kwamba kasoro hiyo haiwafikii majirani, wakati ndani ya kipande kikubwa elektroni hutangatanga hadi iikute.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye ngozi ya chembe. Mwaka 2006, chembe za plazima za Chuo Kikuu cha Minnesota zilipovishwa minyororo ya kaboni bila kuguswa na hewa, zaidi ya fotoni (chembe za mwanga) 60 kati ya 100 zilizofyonzwa zilirudi kama mwanga.

Zikiachwa hewani, oksijeni hula kiini taratibu na rangi huelekea chungwa. Bluu ni ya kutiliwa shaka: mara nyingi hutoka kwenye oksidi au uchafu wa juu. Pima muda wake. Mwanga ukizimika ndani ya nanosekunde chache, huenda si kiini kinachong'aa.