Seti ya kupanua silinda: maana yake na namna ya kuichagua

Fundi akikwambia pikipiki yako ya cc 125 (cc ni ujazo wa silinda) inaweza kupandishwa hadi 150, mara nyingi anazungumzia seti ya kupanua silinda. Ndani yake mna silinda yenye tundu pana, pistoni yake, ringi zinazoizunguka, pini ya kuishikilia na gaskiti. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, haiguswi. Pistoni inapanda na kushuka umbali uleule wa zamani, ila sasa ni nene zaidi, kwa hiyo kila inaposhuka inavuta hewa na petroli nyingi zaidi.

Chukua Honda CG125. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, jumla cc 124. Weka pistoni ya milimita 62 na unapata cc 149. Kipenyo kimeongezeka kwa chini ya asilimia 10 lakini ujazo umepanda kwa asilimia 20, kwa sababu kwenye hesabu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe.

Hii isichanganywe na ovasaizi. Pistoni ya ovasaizi huzidi ya kwanza kwa robo milimita, nusu, mpaka milimita moja hivi, na kazi yake ni kuokoa silinda iliyolika. Kwenye CG125 hiyohiyo, ovasaizi ya milimita nzima inakufikisha cc 128 na ushei. Hayo ni matengenezo. Anayekuuzia kama nyongeza ya nguvu anakudanganya.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: je, slivu ya silinda mpya (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) inaingia kwenye tundu la nyumba ya krenki lilivyo, au lazima lichongwe? Kuchonga maana yake ni kuifungua injini yote na kuipeleka kwenye mashine, na ukishachonga hakuna kurudi nyuma. Baadhi ya watengenezaji hukwepa kazi hiyo kwa kuipunguza slivu unene upande wa chini. Ikiwa nyembamba mno, hupinda kwa joto na hupasuka. Uliza pia kipenyo cha pini, maana isipolingana na konrodi yako (mkono unaounganisha pistoni na krenki), seti nzima ni mzigo tu.

Halafu kuna mgandamizo, yaani hewa na petroli hubanwa mara ngapi kabla ya kuwaka, jambo ambalo wengi hulisahau. Tuseme injini ya cc 124 ina mgandamizo wa 9 kwa 1. Ukiifikisha cc 149 na chumba cha mlipuko kikabaki vilevile, mgandamizo unapanda hadi takriban 10.6 kwa 1. Joto linaongezeka, na petroli ya okteni ya chini huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia injini inagonga unapopanda mlima na gia kubwa. Seti nzuri huja na pistoni yenye kichwa kilichochimbwa kidogo ili kushusha mgandamizo huo. Iangalie kabla hujalipa.

Kabureta nayo lazima isikilizwe. Niliwahi kufungua injini iliyokimbia wiki mbili tu baada ya kupanuliwa: plagi nyeupe pee, pistoni imechubuka upande wa ekzosi, ringi zimeshikamana na mfereji wake. Jeti, kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ilikuwa ileile ya 125. Hewa nyingi, petroli kidogo, na injini ikajichoma yenyewe. Baada ya kufunga seti, weka jeti kubwa zaidi hatua kwa hatua mpaka plagi iwe na rangi ya kahawia iliyofifia.

Siku ya kufunga, usiziamini ringi kwa sababu tu zimetoka kwenye pakiti mpya. Ingiza ringi moja ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima uwazi wa ncha zake kwa fila, yaani bati jembamba la kupimia nafasi. Kwa kipenyo cha milimita 62, robo milimita ni kipimo cha kawaida, ila karatasi ya seti ndiyo yenye neno la mwisho. Ncha zikigusana injini ikipata moto, ringi inakosa pa kwenda na inaikwaruza silinda.

Faida yenyewe utaiona hasa kwenye mzunguko mdogo wa injini: kuondoka na mzigo, kupanda mlima bila kushusha gia. Kasi ya juu haiongezeki sana, kwa sababu vali ni zilezile na kwenye mzunguko mkubwa ndizo zinazobana hewa. Kwa hiyo, injini ikiwa ya kubeba mizigo kila siku na inapozwa kwa hewa tu, mimi ningechukua pistoni ya milimita 62 na kuiacha ya 65.5, inayofika karibu cc 167, hata kama zinauzwa bei moja. Nyama inayobaki kwenye slivu ndiyo inayoishikilia pistoni wakati wa joto. Na kabla ya kufunga, soma kadi ya pikipiki na bima yako: nchi nyingi leseni huandikwa kwa cc, na ujazo ukibadilika bima inaweza kukataa kulipa.