“Hawa watoto wa simu wanajua kila kitu”: dhana potofu kuhusu somo la kompyuta sekondari

Kila yanapoibuka mazungumzo ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuandika hati, kutengeneza lahajedwali (jedwali la kukokotoa, kama la Excel), kupanga mafaili na kutuma barua pepe ya kikazi, hoja zilezile hurudi. Wazazi wanazo, walimu wanazo, wakuu wa shule wanazo, na wanafunzi wenyewe wanazo. Nyingi zinasemwa kwa nia njema kabisa. Lakini matokeo yake ni kijana anayemaliza shule akiwa na alama nzuri za kompyuta, kisha anapewa ripoti ya kurasa kumi aipange, na inamshinda.

“Vijana wamezaliwa na teknolojia, hawahitaji kufundishwa”

Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, alieneza wazo kwamba vijana ni wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali, na watu wazima ni wahamiaji tu. Wazo hilo lilipendwa haraka, kwa sababu linalingana na kile tunachokiona nyumbani: kijana anashika simu mpya na baada ya muda mfupi anaijua kuliko wazazi wake.

Vipimo vinasema mengine. Upo utafiti wa kimataifa uitwao ICILS, unaowakalisha wanafunzi wa mwaka wa nane wa masomo mbele ya kompyuta na kuwapa kazi halisi za kufanya. Katika awamu ya mwaka 2018, waliofika ngazi ya juu kabisa, yaani kuchagua taarifa wenyewe, kuzipima na kuzitumia kutengeneza kitu kinachoeleweka, walikuwa asilimia 2 tu. Na hao wengine ni watoto waliokua na vifaa hivi mikononi.

Sababu haiko mbali. Simu janja imetengenezwa ili mtumiaji asilione faili. Picha iko “kwenye picha”, wimbo uko “kwenye muziki”, na hakuna anayemuuliza kitu kimehifadhiwa wapi wala kinaitwaje. Mkalishe kijana huyo kwenye kompyuta, aandike insha, kisha umuulize ameiweka wapi. Atakujibu: “Iko ndani ya Word.” Hajui kwamba programu ni kitu kimoja na faili ni kingine, wala kwamba faili lina jina, aina na makazi yake ndani ya folda. Kesho akikaa kwenye kompyuta nyingine, insha “imepotea”.

Kwa hiyo ningependa somo la kwanza lianzie hapo, kabla hata ya kuandika herufi moja. Mwanafunzi atengeneze folda ya somo, aweke folda ndogo ndani yake, ahifadhi faili, alifunge, alitafute, alihamishe, alinakili kwenye flashi, alifungue kutoka huko. Alipe jina linaloanza na tarehe na kueleza kilichomo, na majina kama “mpya”, “mpya2” na “mpya ya mwisho kabisa” yapigwe marufuku darasani. Aone pia kwa macho yake kwamba kufuta “.docx” mwishoni mwa jina na kuandika “.pdf” hakugeuzi faili kuwa PDF, kunalifanya tu ligome kufunguka. Haya hayachoshi kama watu wanavyodhani. Wanafunzi hufurahi sana siku wanayojua vitu vyao viko wapi.

“Kujua programu ni kujua vitufe vilipo”

Hii ndiyo dhana inayotawala vitabu vingi vya mafunzo: bofya hapa, kisha hapa, kisha hapa. Mwanafunzi anakariri njia. Mwaka 2007 Microsoft iliondoa menyu za zamani kwenye Word na Excel na kuweka utepe wa vitufe juu ya ukurasa, na waliokuwa wamekariri njia wakajikuta wanaanza upya. Waliokuwa wanaelewa wanachokitafuta walihangaika siku chache tu.

Kinachodumu ni kuelewa muundo wa hati. Chukua ripoti ya mwanafunzi yeyote aliyejifunza kwa kubofyabofya, kisha washa kitufe chenye alama ya ¶, kile kinachoonyesha yale yasiyochapwa. Utaona kila kitu. Kichwa cha habari kimesukumwa katikati kwa nukta ishirini na kitu, kila nukta ikiwa ni pigo moja la kitufe cha nafasi. Kati ya sura ya kwanza na ya pili kuna msururu wa alama za Enter, zilizopigwa ili sura ya pili ianze ukurasa mpya. Kwenye skrini yake inapendeza. Ongeza sentensi mbili kwenye sura ya kwanza, au badilisha fonti, na sura ya pili inateremka hadi katikati ya ukurasa.

Dawa yake ni vitu vitatu vinavyoweza kufundishwa katika vipindi vichache. Kwanza, kuweka katikati ni sifa ya aya, kwa hiyo kuna amri yake na kitufe cha nafasi hakihusiki. Pili, ukurasa mpya huanzishwa kwa Ctrl na Enter. Tatu, na hili ndilo kubwa, vichwa vya sura vipewe mtindo wa kichwa, wa ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu, badala ya kukozwa na kukuzwa kwa mkono. Mwanafunzi akishafanya hivyo, programu inamtengenezea orodha ya yaliyomo pamoja na namba za kurasa, na akihamisha sura anaisasisha tu orodha. Anaweza kubadilisha mwonekano wa vichwa vyote kwa mara moja. Hata mtu asiyeona, anayesomewa hati na programu ya kusoma skrini, anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Hati ambayo vichwa vyake ni maandishi yaliyokozwa tu inamlazimisha kusikiliza mwanzo hadi mwisho. Hoja hiyo ya mwisho naipenda kuifikisha darasani, kwa sababu inawafanya vijana waone kwamba hati ina wasomaji wengine zaidi ya mwalimu anayesahihisha.

“Lahajedwali ni ya wahasibu, na kompyuta haikosei hesabu”

Dhana mbili hizi hutembea pamoja, na kwa maoni yangu ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote.

Kwamba ni ya wahasibu: programu ya kwanza ya aina hii kwa kompyuta binafsi, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979, na ni kweli wafanyabiashara ndio walioichangamkia. Leo lahajedwali linatumiwa na muuguzi, mhandisi, katibu wa kikundi, kocha, mtafiti wa viumbe. Mwanafunzi wa fizikia anayechora grafu ya jaribio lake anaihitaji wiki hiihii.

Kwamba haikosei: kompyuta hujumlisha ilichoambiwa ijumlishe. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipata faili lao la Excel na kugundua, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zikaachwa nje. Waandishi walikiri kosa hilo la fomula.

Mwaka 2020 Uingereza, karibu watu 16,000 waliokutwa na virusi vya korona hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel usiozidi mistari 65,536. Kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ikachelewa. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kadhaa, kwa kuwa Excel iliyageuza kuwa tarehe: SEPT1 ilisomwa kama tarehe mosi Septemba. Sasa inaitwa SEPTIN1.

Wanafunzi wakisikia habari hizi hunyamaza na kusikiliza, kwa sababu wanatambua kwamba kosa hilihili wanaweza kulifanya wao. Na kweli wanalifanya. Andika namba ya simu inayoanza na sifuri, sifuri inapotea. Panga majina kwa alfabeti huku umechagua safu wima ya majina peke yake, na alama za mtoto mmoja zinahamia kwa mwingine, bila chochote kinachoonyesha kwamba kumeharibika.

Zoezi moja ninalolipenda ni hili. Wanafunzi waweke alama kwenye safu wima B, na kwenye seli (kisanduku) F1 waandike alama ya juu kabisa ya mtihani. Kwenye C2 waandike =B2/F1. Jibu linakuja sawa. Waiburute fomula hiyo chini, na safu nzima inajaa #DIV/0!, yaani kosa la kugawanya kwa sifuri. Usiwaeleze mara moja. Waache wabofye C3 wasome kilichoandikwa: =B3/F2. Fomula imeteremka mstari mmoja, na F1 nayo imeteremka ikawa F2, seli tupu. Watakaogundua wenyewe hawatasahau. Ndipo uwaonyeshe $F$1, inayoizuia F1 isihame fomula inapoburutwa, na alama hiyo ya dola, ambayo kwenye kitabu ni jambo la kukariri, inakuwa jibu la swali walilokuwa nalo tayari.

Baada ya hapo wafundishe mazoea ya kujihakiki: kadiria jibu kichwani kabla ya kulitazama, badilisha namba moja uone kama jumla inabadilika, hesabu mistari. Namba iliyoingizwa kama maandishi huonekana sawa na nyingine, lakini SUM, fomula ya kujumlisha, inairuka. Jicho lililozoea litaiona imeegemea kushoto wakati wenzake wameegemea kulia.

“Bila kompyuta moja kwa kila mwanafunzi hakuna somo”

Vifaa vinahitajika, na mwalimu asiye na kompyuta hata moja anafundisha hadithi. Ila wingi wa mashine peke yake haujengi ujuzi. Ripoti ya mwaka 2015 ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, haikuona maendeleo ya maana katika matokeo ya PISA, mtihani wake wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, ya kusoma, hisabati na sayansi kwa nchi zilizowekeza sana kwenye kompyuta za shule.

Wawili kwa mashine moja hufanya kazi vizuri, kwa sharti moja: anayeshika kipanya haruhusiwi kuamua, na anayeamua haruhusiwi kukishika. Huyu anaeleza kwa maneno, yule anatekeleza, kisha wanabadilishana. Anayelazimika kusema “chagua kuanzia B2 hadi B40” anajifunza zaidi ya anayebofya kimyakimya. Na lahajedwali linaweza kuanzia kwenye karatasi yenye miraba: chora jedwali, taja seli, andika fomula kwa kalamu, mpe mwenzako aihesabu.

“Programu ya bure haimwandai mtu kwa kazi”

LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi iliyoanza mwaka 2010, ina mitindo ya vichwa, orodha ya yaliyomo, SUM na $F$1 sawasawa na vile vya kulipia. Muundo wake wa faili, OpenDocument, ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango, tangu mwaka 2006. Tofauti zipo, hasa mpangilio wa ukurasa unapovuka kutoka programu moja hadi nyingine, na huo nao ni ujuzi: mwanafunzi ajue lini atume PDF na lini atume faili linaloharirika. Akifundishwa kwa programu mbili, hata kwa juma moja tu, anaacha kuamini kwamba ujuzi wake umefungwa kwenye nembo fulani.

“Kwanza wajue kuchapa kwa kasi”

Kuchapa bila kutazama kibodi kunasaidia, na vile vinundu vidogo kwenye F na J vipo ili vidole vijue pa kukaa. Dakika kumi mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha. Muhula mzima wa kuchapa maneno yasiyo na maana unawachosha wanafunzi kabla hawajaona kompyuta inafaa kwa nini.

“Akili unde (AI) itawafanyia, kwa nini wajifunze?”

Hoja hii ni mpya na inavutia. Ni kweli programu za akili unde huandika fomula na kupanga hati kwa maelezo mafupi tu. Lakini zinaweza kutoa fomula iliyoishia mstari wa 44 kwa kujiamini kulekule, na anayepaswa kulibaini kosa ni yule aliyewahi kuona fomula ikiteremka. Mwanafunzi asiyejua misingi hii hawezi hata kuuliza vizuri. Mimi ningeiruhusu darasani baada ya misingi, kwa kazi ya aina moja: mashine ipendekeze, mwanafunzi athibitishe kwa kuonyesha seli kwa seli kwa nini jibu ni sahihi au si sahihi.

“Mtihani wa kuandika unatosha kupima”

“Taja sehemu tano za dirisha la Word.” Anayejibu swali hilo kwa ukamilifu anaweza kuwa hajawahi kuhifadhi faili. Kupima kwa vitendo hakuhitaji mitambo ya ajabu. Andaa faili lililoharibika makusudi: vichwa vilivyosukumwa kwa nafasi, namba ya ukurasa iliyoandikwa kwa mkono, jedwali lenye fomula moja inayoacha mistari mitatu ya mwisho, namba mbili zilizoingia kama maandishi. Mpe kila mwanafunzi nakala na dakika arobaini. Alirekebishe, alihifadhi kwa jina linaloeleweka, alitume kwa barua pepe yenye mada, salamu na maelezo mafupi ya alichokibadilisha. Ukifungua kazi hizo na kuwasha ile alama ya ¶, utajua nani ameelewa na nani bado anapiga kitufe cha nafasi, na kipindi kinachofuata utakianzia hapo.