Kufanikiwa si kutajirika

Wiki iliyopita nilikuwa matangani Kibokoni, hapa Mombasa. Marehemu alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na miaka yote niliyomjua aliketi kwenye baraza ya nyumba yake, kitambaa cheupe mapajani, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya jingine. Tundu lenyewe dogo kuliko punje ya mtama. Kofia moja ina mamia yake, na mkono ukiteleza kwenye moja, mchoro wote unakwenda upande. Kahawa ilikuwa ikizungushwa, na kijana mmoja aliyekaa karibu nami akasema, kwa upole kabisa: "Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema sana. Ila tu hakufanikiwa maishani."

Hakuwa na nia mbaya. Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali, na hicho ndicho kilichoniuma. Neno hili tunalitumia vibaya kiasi kwamba hata waliokua na Kiswahili kinywani hawashtuki tena.

Kufanikiwa ni jambo ulilolikusudia kukutokea vyema. Maana ni hiyo tu. Lazima liwepo kusudio, kisha yawepo matokeo yanayoafikiana nalo. Mali haimo ndani ya maana hiyo.

Sikiliza tunavyolisema bila kufikiri. "Nimefanikiwa kuvuka feri kabla ya saa moja." "Amefanikiwa kupata kitambulisho." Mtangazaji wa habari atakwambia wezi walivunja duka na wakafanikiwa kutoroka, na hakuna atakayedhani anawasifu wezi. Neno lenyewe halisifu wala halilaumu. Linangoja uliambie: kufanikiwa kufanya nini? Ukisema "fulani amefanikiwa" ukanyamaza, sentensi yako ina pengo, na siku hizi pengo hilo tumekubaliana kimyakimya kulijaza kwa gari, nyumba ya ghorofa Nyali na picha za safari ya Dubai. "Mtu aliyefanikiwa", hivyo hivyo bila kutaja jambo, ni msemo wa mabango na semina, tumeutafsiri kutoka Kiingereza. Bibi yangu angekuuliza: amefanikiwa nini?

Lakini linalonishughulisha zaidi ni umbo la neno, maana limebeba jambo ambalo tumeacha kulisikia.

Mzizi ni fana. Arusi ilifana, sherehe imefana, maulidi ya mwaka huu yalifana: jambo limekwenda lilivyotakiwa liende. Humo humo kwenye ukoo huo imo fanaka, ile tunayotakiana kila mwaka mpya pamoja na heri. Kisha tukapata fanikia: "mambo yalimfanikia." Angalia aliyetenda hapo. Ni mambo. Mtu yuko mwishoni, ndiye aliyefikiwa. Ukitaka kumweka mtu mbele unaingiza w, na ndipo unapopata "alifanikiwa", kama vile pika ilivyozaa pikia, na pikia ikazaa pikiwa. Aliyepikiwa siye aliyeshika mwiko. Anaweza kuwa ndiye aliyekwenda Marikiti kununua nazi na viungo, akapanga na wageni, lakini chakula kimemfikia kutoka mkononi mwa mwingine.

Ile w ndiyo ninayoipigania. Anayesema "nimefanikiwa" anasema, apende asipende, kwamba mambo yamemwendea vyema. Amefanya kazi, ndiyo, pengine amekesha. Lakini lugha haimpi yeye peke yake sifa ya matokeo. Wazee wetu wakiomba dua husema "Mungu akufanikishie mambo yako", na mtendaji katika dua hiyo si wewe. Wahenga nao walisema kupata si werevu, na kukosa si ujinga. Methali hiyo na ile w zinasema jambo moja. Kwa hiyo ninapomsikia mzungumzaji kwenye ukumbi wa hoteli akiwaambia vijana kwamba asiyefanikiwa amejitakia mwenyewe, nasikia kosa la sarufi kabla sijasikia ukali wa moyo.

Najua neno halifungwi na asili yake. Maana husogea, na atakayetaka kuzungumza kwa mizizi mitupu hataelewana na mtu sokoni. Ila hapa hatujapungukiwa neno hata tulazimike kulisogeza hili. La mwenye mali tunalo, tena la siku nyingi: tajiri. Limetoka kwenye Kiarabu, tajir, yaani mfanyabiashara, na Mombasa maana hiyo bado haijawa mbali. Makanga wa matatu akihesabu noti jioni hukwambia tajiri anangoja hesabu yake, na anamaanisha mwenye gari, basi. Huyo tajiri huenda ana mkopo wa benki shingoni na usingizi haupati. Hakuna anayemwita tajiri kwa kupima maisha yake. Ni cheo chake katika kazi. Tunalo pia kutajirika, tunalo kuneemeka, tunalo kujaaliwa, na vijana wanalo kutoboa na kuomoka, ambayo mimi sina ugomvi nayo hata kidogo kwa sababu yanasema wazi kinachosemwa. Aliyeomoka ana pesa. Imekwisha.

Kuna na wale wanaoniambia kuwa kufanikiwa ni falah ya kwenye adhana iliyovaa nguo za Kiswahili. La. Yanafanana mwanzo kwa sauti tu. Lakini nashukuru wanalitaja, kwa kuwa falah nayo ina lake la kutufunza. Mara tano kwa siku, kuanzia Msikiti wa Mandhry huku Mji wa Kale hadi Majengo, mwadhini huita hayya alal-falah, na sisi hufasiri "njooni kwenye kufaulu" au "njooni kwenye mafanikio". Mzizi wa Kiarabu wa neno hilo ni kupasua ardhi, kulima. Fallah ni mkulima. Na mkulima anajua kazi yake inapoishia: amelima, amepanda, amepalilia, mvua si yake. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika mahali pamoja, kila moja kwa njia yake. Huo ndio uzuri wake, na hauhitaji kuongezewa nasaba ya kubuni.

Kufaulu nako tukuweke mahali pake. Mtoto wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupelekewa kadi za sakses zilizojaa "kila la heri", na matokeo yakitoka twauliza kama amefaulu. Swali ni sahihi, kwa sababu mtihani una maswali yaliyoandikwa na mtu na alama zilizowekwa na mtu. Ukiwauliza watu wazima swali hilo hilo kuhusu miaka yao sitini, nani aliweka alama?

Yule kijana nilimkuta baadaye akivaa viatu mlangoni. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, ulilosema lina neno moja tu la kubadilisha. Sema hakutajirika. Ni kweli, na si aibu kwake wala kwa wanawe."

Akasema, "Samahani, ami. Nilimaanisha hivyo hivyo."

"Najua. Lakini ukisema hakufanikiwa, unasema alilolitaka hakulipata. Ulipata kumuuliza alitaka nini?"

Akatikisa kichwa kukataa. Mimi nilipata kumuuliza, miaka mingi nyuma, nikimngojea amalizie kofia yangu ya Idi. Alinijibu bila kuinua macho kwenye sindano: watoto wake wasome, na siku atakapoondoka asiwe na deni la mtu. Binti zake watatu wamesoma, mdogo wao ni muuguzi. Na siku ya maziko, ndugu yake aliposimama kuuliza kama yuko anayemdai marehemu ajitokeze, tulinyamaza wote, tukangoja, akauliza mara ya pili, na hakuinuka mtu.

Nikamwambia kijana yaliyobaki tukiwa tunatembea kuelekea barabarani, polepole, kwa sababu jua lilikuwa bado kali: akitaka kulitumia lile neno kwa mzee huyu, alitumie bila ile "haku" mbele.